Somo: Mpira wa miguu huanzia kichwani

Mahali ambapo watu wamekimbilia, mara nyingi mpira hufika kabla ya shule. Watoto hufunga mifuko ya plastiki kwa kamba, kipira kikapatikana, na jioni uwanja unajaa. Kwa hiyo tumechagua somo la mpira, ila leo hatutafundisha miguu. Tutasema juu ya mazoezi ya akili: kuona, kukumbuka, kuchagua na kujizuia.

Wazee wetu bado wanamkumbuka Ndaye Mulamba, aliyeifungia Zaire mabao 9 katika Kombe la Afrika la mwaka 1974. Watu husifu miguu ya mfungaji wa namna hiyo. Lakini mfungaji hufika pale mpira utakapoangukia kabla haujaanguka, na kazi hiyo haifanywi na miguu.

Mtafiti mmoja wa Norwe, Geir Jordet, aliwafuatilia kwa kamera wachezaji wa kiungo wa ligi kuu ya Uingereza. Alihesabu ni mara ngapi wanageuza kichwa kutazama nyuma yao kabla ya kupokea mpira. Wale waliotazama mara nyingi ndio walioweza zaidi kutoa pasi ya kwenda mbele, na Frank Lampard alikuwa miongoni mwa waliotazama sana. Mwaka 2012 watafiti wa Karolinska, huko Uswidi, waliwapa wachezaji jaribio la karatasi na kalamu: unganisha nukta kwa mistari, kila mara kwa umbo jipya, bila kurudia. Wachezaji wa daraja la juu waliwapita wa daraja la chini, na wote waliwapita watu wa kawaida. Haijulikani kutokana na jaribio hilo kama mpira ndio ulionoa akili, au akili kali ndiyo iliyowapandisha daraja. Tulishike hilo, tutalirudia.

Sasa tuingie uwanjani. Zoezi la kwanza halihitaji kitu chochote isipokuwa mpira. Vijana watatu wasimame kwenye mstari mmoja, hatua kumi kati ya mmoja na mwingine. Wa kwanza ana mpira. Wa tatu, aliye nyuma ya wa katikati, anainua vidole. Wa katikati lazima ageuze kichwa, aone vidole, na ataje hesabu kabla mpira haujagusa mguu wake. Kisha anageuka na kumpelekea wa tatu. Siku ya kwanza wengi watasahau kutazama, kwa sababu macho yamefungwa kwenye mpira kama mbuzi kwenye kamba. Usiwakemee. Dakika 10 kila siku zinatosha, na baada ya majuma machache utawaona wanatazama hata pasipo kuambiwa.

Zoezi la pili ni la rangi. Gawa vijana katika makundi matatu, kila kundi na kipande cha kitenge cha rangi yake mkononi. Wote wanacheza pamoja ndani ya eneo moja, na sheria ni hii: usimpe mpira mwenye rangi yako, wala usimrudishie rangi iliyokupa. Hapo mchezaji analazimika kukumbuka mpira ulitoka wapi huku akitafuta unakokwenda. Kiongozi, angalia jambo moja: usiwape wakimbizi rangi moja na wenyeji rangi nyingine. Changanya kila kundi, na ubadilishe vitambaa katikati ya mchezo. Nimeona watu wema wakikosea hapa, wakidhani wanarahisisha kazi.

Kuna pia mchezo wa magoli manne, uliotengenezwa na Mjerumani Horst Wein. Watatu wanacheza na watatu, na kila upande una magoli mawili madogo ya kushambulia, moja kulia na moja kushoto. Bido tupu za maji zinafaa kuwa nguzo. Goli moja likijaa walinzi, mtoto anajifunza kuinua macho na kuhamishia mpira upande wa pili.

Zoezi la kujizuia ndilo tunalolipenda zaidi, na ndilo gumu kwa vijana wetu. Kijana anakuja na mpira mguuni. Kocha akiinua mkono wa kulia, piga. Akiinua wa kushoto, simamisha mpira. Baada ya dakika 5, geuza maana: kulia ni kusimama, kushoto ni kupiga. Karibu wote watakosea na watacheka, waache wacheke. Kinachofanyiwa kazi ni breki ya kichwa: mguu umekwisha kuanza, na akili inapaswa kuukamata.

Kwa nini ni gumu? Mtu aliyeishi katikati ya risasi, mwili wake umejifunza kutenda kabla ya kufikiri, na kule njiani huenda hilo ndilo lililomwokoa. Mwili hausahau haraka. Kwa hiyo tumia ishara za mkono au kitambaa, wala si filimbi kali au kelele za ghafula nyuma ya mtoto. Atakayekosea asipewe adhabu ya kukimbia. Na mtoto anayeganda au kulia, mketishe pembeni na mtu anayemjua, mpira unaweza kungoja.

Tujiulize kwa ukweli: je, mazoezi haya yatazuia ugomvi? Yenyewe peke yake, hapana. Watu waliofunzwa akili kwa michezo ya kompyuta huwa hodari katika michezo ileile, na kidogo sana katika mambo mengine ya maisha. Kijana anaweza kusimamisha mpira vizuri, halafu akachezewa rafu na akashindwa kusimamisha ngumi. Tunajua pia ngumi hiyo inakoishia: jioni hiyohiyo haiitwi tena ngumi ya fulani, inaitwa wakimbizi wametupiga, au wenyeji wanatuchukia.

Ndiyo maana mazoezi yanahitaji mazungumzo. Baada ya mchezaji Andrés Escobar kuuawa Medellín, Kolombia, mwaka 1994, mpira kwa ajili ya amani ulianzishwa katika mji huo. Wavulana na wasichana walicheza pamoja bila mwamuzi. Siku hizi namna hiyo huchezwa katika nchi nyingi kwa vipindi vitatu: kwanza timu zinakaa na kukubaliana sheria, pili zinacheza, tatu zinakaa tena na kupeana pointi za heshima. Katika kikao cha tatu muulize kijana: ulipochezewa rafu, ulisikia nini mwilini? Ulifanya nini kabla ya kujibu? Hapo ndipo breki ya uwanjani inapewa nafasi ya kutoka uwanjani. Msiharakishe kikao hiki kwa sababu jua linazama. Afadhali mpunguze mchezo.

Mambo machache kwa rais wa kamati na wazazi. Kabla ya kuchagua uwanja, ulizeni wenyeji na wahusika wa usalama kama mahali hapo palipigwa vita. Kitu cha chuma kisichojulikana kisiguswe. Wapangieni wasichana saa yao, si mabaki ya saa za wavulana. Mtoto ambaye hajala tangu jana asilaumiwe kwa uzito wa kichwa. Na kichwa chenyewe kilindwe: aliyegongwa akaona giza au kutapika atoke siku hiyo, asirudi hata akiomba, apelekwe kwenye kituo cha afya. Mwaka 2020 chama cha mpira cha Uingereza kilishauri kwamba watoto wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga mpira kwa kichwa mazoezini. Sisi tunaweza kufanya hivyohivyo bila gharama yoyote.

Anzeni na zoezi la vidole juma hili. La rangi lingojee hadi vijana wa pande zote mbili wamejuana majina.