Mama, Dawa ya Mtoto Wako Imalizike
Somo juu ya kutumia antibiotiki vizuri

Mama mpenzi, umefika kituo cha afya mapema. Umepanga mstari, umeonyesha mtoto kwa munganga, umelipa franga zako, na sasa uko na dawa mkononi. Ni vizuri. Lakini dawa iliyo ndani ya mfuko haijaponyesha mtu bado. Itaponyesha ikipewa yule aliyeandikiwa, kwa kipimo chake, na kwa siku zake zote.

Leo tutajifunza juu ya dawa zinazoitwa antibiotiki. Hizi ni dawa zinazoua vijidudu vya namna fulani vinavyoitwa bakteria. Amoksisilini ni mojawapo, na watoto wengi hupewa hiyo wanapokuwa na ugonjwa wa mapafu, ndio nimonia.

1. Mama mmoja na watoto wawili

Sikiliza kwanza habari hii. Mama mmoja alileta mtoto wake wa miezi 10. Mtoto alikuwa na homa na kikohozi. Munganga alifunua nguo ya mtoto, akatazama kifua, akahesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Akahesabu 56. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka mwaka 1, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kwa mtoto wa mwaka 1 mpaka miaka 5, pumzi 40 au zaidi ni nyingi mno. Basi munganga alijua kwamba ugonjwa umeingia katika mapafu. Akampa mama vinini 10 vya amoksisilini: kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku 5.

Siku ya tatu mtoto alicheza. Alinyonya vizuri, homa ilikwisha. Usiku ule ndugu yake wa miaka 4 alianza kukohoa na kutoa makamasi. Vinini 4 vilikuwa vimebaki. Mama akafikiri, "Huyu mdogo amekwisha kupona. Juu ya nini nirudi tena kutoa franga?" Akampa mkubwa vile vinini 4.

Siku chache baadaye, mama alirudi mbio na mtoto mdogo mgongoni. Mtoto alipumua kwa shida, kifua kikiingia ndani chini ya mbavu, na hakuweza tena kunyonya.

"Munganga, huyu mutoto alikuwa amepona! Alicheza kabisa! Sasa ugonjwa umerudia namna gani?"

"Pole, mama. Ulimupa dawa siku ngapi?"

"Siku tatu. Ile ingine nikamupa mukubwa wake, naye alikuwa anakohola."

Mtoto alilazwa. Alipewa sindano na hewa ya oksijeni, na baada ya siku nyingi alipona. Mama alirudi nyumbani naye, lakini alikuwa amekonda kwa wasiwasi, na franga alizotaka kulinda zilikwisha mara nyingi zaidi.

Na yule mkubwa? Munganga alimpima pia. Pumzi zake zilikuwa za kawaida. Alikuwa na mafua tu. Hakuhitaji antibiotiki hata kinini kimoja. Na hata kama angekuwa na ugonjwa wa mapafu, kinini kimoja kwa mara moja kisingetosha kwa uzito wa mtoto wa miaka 4. Hivi dawa ilitolewa kwa yule aliyeihitaji, ikapewa yule asiyeihitaji. Mama huyu hakuwa mbaya. Alipenda watoto wake wote wawili. Lakini hakuna mtu aliyemweleza.

2. Juu ya nini mtoto anacheza, na ugonjwa haujakwisha?

Mama, wewe unajua kulima. Unapopalilia shamba, majani hukauka haraka, na shamba linaonekana safi. Lakini ukiacha mizizi ndani ya udongo, mvua ikinyesha, majani yanarudi. Antibiotiki nayo huanza kwa kuua vijidudu vingi. Homa inashuka, mtoto anaomba chakula. Lakini vijidudu vingine vingali ndani. Ukiacha dawa kabla ya siku zilizoandikwa, hivyo vilivyobaki vinaweza kuzaana na kurudisha ugonjwa.

Tena kuna hatari ya pili. Kila mara antibiotiki inapotumiwa bila lazima, au kwa kipimo kidogo, vile vijidudu dhaifu hufa, na vile vigumu hubaki. Hivyo vigumu huzaana, huenda kwa watoto wengine wa nyumba na wa kijiji, na dawa haiviwezi tena. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928 katika London, alionya watu juu ya jambo hili mwaka 1945, alipopokea zawadi ya Nobel. Alisema kwamba mtu anayetumia penisilini kidogo mno anaweza kuvifundisha vijidudu kuishinda dawa.

Sisi hapa Kongo tumekwisha kuona jambo la namna hii kwa dawa nyingine. Waulize bibi zetu juu ya Nivaquine. Zamani kila nyumba ilikuwa nayo, na iliponyesha malaria vizuri. Nivaquine si antibiotiki, lakini fundisho ni moja. Vijidudu vya malaria viliizoea, watoto wakainywa na homa haikushuka. Mwaka 2001 serikali iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria, na mwaka 2005 ikachagua dawa za mchanganyiko. Tusiache amoksisilini nayo ipotee hivyo.

3. Magonjwa ambayo antibiotiki haiponyeshi

Wamama wengine husikitika wakirudi bila antibiotiki. Wanasema, "Munganga hakunipa dawa ya nguvu." Lakini munganga mzuri anajua pia wakati wa kutotoa.

Mafua na kikohozi cha kawaida huletwa na virusi. Antibiotiki haiwezi virusi. Mpe mtoto maziwa ya mama mara nyingi, vitu vya kunywa, na safisha pua yake.

Malaria huletwa na kijidudu kingine, kinachoingizwa na mbu. Ina dawa zake. Mtoto apimwe damu.

Kuhara kwa maji, mara nyingi, kunahitaji maji ya chumvi na sukari ya pakiti, pamoja na vinini vya zinki. Lakini ukiona damu katika choo cha mtoto, mlete upesi: hapo antibiotiki inaweza kuhitajiwa.

Na sindano? Si kweli kwamba sindano daima ina nguvu kuliko kinini. Mtoto anayeweza kumeza, na asiyetapika kila kitu, dawa ya kinywa inafika katika damu yake na kufanya kazi vizuri. Usilazimishe munganga kupiga sindano.

4. Kabla ya kutoka kituoni

Mwambie munganga mambo haya, hata kama hakukuuliza:

Kama mtoto, au wewe, mliwahi kutokwa na vipele au kuvimba uso baada ya kunywa dawa.
Kama una mimba, au unanyonyesha.
Kama kuna dawa nyingine mnayotumia, hata dawa ya miti. Usione haya. Munganga anataka kujua tu.

Kisha uliza maswali matano: Dawa hii inaitwa nani? Ni ya ugonjwa gani? Vinini ngapi kwa mara moja? Mara ngapi kwa siku? Siku ngapi? Baada ya kusikia, rudilia maneno yote kwa kinywa chako mbele ya munganga. Kama umekosea, atakusahihisha palepale. Ni vizuri pia kumpa mtoto kipimo cha kwanza hapohapo kituoni, ukiangaliwa.

5. Nyumbani

Nawa mikono kwa sabuni. Kinini kile kinachoyeyuka, kiweke ndani ya kijiko safi, ongeza maji safi kidogo au maziwa ya mama uliyokamua, ngoja kiyeyuke, kisha mpe mtoto yote. Usimzibe pua, wala usimwagie dawa kinywani akiwa amelala chali. Anaweza kupaliwa. Mkalishe mapajani.

Kama dawa ni ya unga ndani ya chupa, chemsha maji, yaache yapoe kabisa, kisha tia maji mpaka alama iliyo kwenye chupa. Tikisa vizuri kila mara kabla ya kupima. Tumia kile kijiko au kikombe kidogo cha kupimia kilichokuja na chupa, kwa maana vijiko vya nyumbani havilingani. Dawa ya chupa ikisha kuchanganywa haidumu. Uliza munganga itadumu siku ngapi, na zikipita, usiitumie tena.

Kama umeambiwa mara mbili kwa siku, mpe mtoto wakati jua linapotoka na wakati jua linapozama. Kati ya hapo hupita karibu saa 12, na hata mama asiye na saa ya mkono hawezi kukosea.

Ili usisahau, fanya hivi: chora mistari 10 juu ya karatasi, au juu ya ukuta kwa kaa la moto lililozimika, kwa dawa ya mara mbili kwa siku 5. Kila ukitoa dawa, kata mstari mmoja. Mistari yote ikikatwa, kazi imekwisha. Hivyo hata baba au bibi anaweza kuona, siku wewe uko shambani.

Mtoto akitapika kabla ya nusu saa kupita tangu anywe dawa, mpe tena kipimo kilekile. Ukisahau kutoa, toa mara ukikumbuka. Lakini kama wakati wa kipimo kingine umekaribia, ngoja huo, na usitoe viwili kwa mara moja.

Endelea kunyonyesha na kulisha mtoto. Antibiotiki inaweza kulegeza tumbo kidogo. Kama ni kidogo tu, usiache dawa. Ongeza vya kunywa. Kama kuhara ni kwingi, rudi.

Weka dawa mahali pakavu, mbali na jua na moshi wa jiko, na juu ambapo watoto hawafiki.

6. Mambo ya kukataa

Usigawe dawa kwa mtoto mwingine, wala kwa jirani. Kila mmoja apimwe.

Usiweke mabaki kwa ajili ya ugonjwa wa kesho. Ukimaliza sawasawa, mabaki hayatakuwepo.

Usinunue vinini vya kuhesabu mkononi sokoni, vilivyolala juani bila jina wala tarehe. Hujui ni nini, hujui vimekaa siku ngapi. Angalia hasa tetrasiklini: mama mwenye mimba na mtoto chini ya miaka 8 wasipewe bila munganga kuamua, kwa sababu huharibu rangi ya meno ya mtoto, nayo hairudi tena. Usifungue kinini cha unga na kumwaga juu ya kidonda. Kidonda kinataka maji safi na sabuni, na kitambaa safi.

Mtoto wa chini ya miezi 2 usimpe antibiotiki ya nyumbani hata kidogo. Akiwa na homa, au mwili baridi, au akikataa kunyonya, mlete siku ileile.

7. Rudi mbio

Acha dawa na rudi mara moja kama mtoto anavimba midomo au uso, anatokwa na vipele mwili mzima, au anapumua kwa shida baada ya kunywa dawa. Chukua dawa yenyewe uje nayo, ili munganga aione.

Rudi pia bila kungoja, mchana au usiku, kama mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, anapata degedege, analala mno na haamki vizuri, au kifua kinaingia ndani anapovuta pumzi.

Na kama siku tatu zimepita na mtoto hapati nafuu, rudi. Usibadilishe dawa wewe mwenyewe. Labda ugonjwa ni mwingine, labda dawa nyingine inafaa. Huyo si kosa lako, na hakuna atakayekugombeza.

8. Maswali ya kukumbuka

Wamama, tujibu pamoja kabla ya kuondoka:

Mtoto ameanza kucheza siku ya tatu, lakini karatasi inasema siku 5. Utafanya nini?
Jirani anaomba vinini viwili kwa mtoto wake anayekohoa. Utamjibu namna gani?
Mtoto ametapika mara tu baada ya kunywa dawa. Utafanya nini?
Ni alama gani zitakufanya urudi usiku?

Yule mama wa watoto wawili anakuja bado siku ya kupima kilo. Akimsikia mama mwingine akisema, "Wangu amekwisha kupona, nitaweka hizi zingine," yeye ndiye anayemjibu kwanza kabla ya munganga: "Hapana, mama. Maliza. Mistari yote ikatwe."

Mwambie mwenzako vivyo hivyo.