Kujiandaa na safari ya kuvua kiangazi, Bonde la Ruvuma

Leo naomba tuweke korosho pembeni kidogo. Kila mwaka ikifika mwezi wa nane naulizwa swali lilelile, na wanaouliza ni walewale niliowaona shambani wamebeba mashine za kupulizia: "Bwana shamba, tunataka kushuka Ruvuma kuvua siku mbili tatu, tujiandaeje?" Mwingine hushuka bila kuuliza, halafu anarudi na ndoo ya samaki walioharibika au na hadithi ya mamba. Kwa hiyo nimeona niandike.

Tuanze na wakati. Mvua za kwetu ni za msimu mmoja, Novemba au Desemba mpaka Aprili, Mei kidogo. Kipindi hicho Ruvuma imejaa, maji ni ya tope, samaki wametawanyika kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, na wengi wanazaliana. Usihangaike. Kuanzia Juni maji yanashuka, mto unabaki na mchanga mwingi katikati, na pembeni yanabaki madimbwi na mifereji ya zamani ambayo mto uliipitia ukaiacha. Humo ndimo samaki wanakobanwa. Ukisimama pale Shimo la Mungu, Newala, asubuhi isiyo na ukungu, unaona lile bonde lote chini.

Juni na Julai kuna baridi, maji yanapoa, samaki wanakuwa wazito kula asubuhi. Mimi napendekeza mwisho wa Agosti mpaka katikati ya Septemba. Ufuta umeshaondoka, mbaazi nyingi zimeshavunwa, na korosho hazijaanza kudondoka kwa wingi. Kati ya mzunguko mmoja wa kupulizia na mwingine una wiki mbili hadi tatu, basi weka safari yako mle katikati. Usiache mikorosho ina maua na ubwiriunga umeingia eti umefuata kambale. Hesabu yake haikai.

Ruhusa kwanza

Ruvuma ni mpaka wa nchi. Ng'ambo ni Msumbiji. Tangu shambulio la kijiji cha Kitaya, Oktoba 2020, watu wa bondeni wako macho na wageni, na wana haki. Usitokee tu na panga na begi usiku. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji unachofikia, mwambie mko wangapi, mtalala wapi, mtaondoka lini. Beba kitambulisho. Usivuke ng'ambo kwa mtumbwi eti kule kuna samaki wengi. Mwenye shida halali ya kuvuka, Daraja la Umoja lipo Mtambaswala tangu 2010, na unafika kwa lami kupitia Mangaka.

Halafu kuna Sheria ya Uvuvi, Namba 22 ya mwaka 2003. Kabla ya safari muone afisa uvuvi wa halmashauri akueleze leseni inayokuhusu, hasa kama unafikiria kuuza. Sumu na baruti ni marufuku kwa kila mtu. Hapa nasema wazi kuhusu utupa, maana najua wengi wanao shambani. Utupa ni mti mzuri, unarutubisha udongo na majani yake yanasaidia kufukuza wadudu. Ila ukiuponda ukautia dimbwini unaua mpaka kifaranga cha samaki chenye urefu wa ukucha. Vyandarua vya mbu navyo ni hivyohivyo, vinazoa kila kitu.

Unavua nani?

Vijana wananionyesha kwenye simu video za Wamarekani wanavua kwenye mifereji yenye magugu, wanarusha samaki wa plastiki, linaruka jisamaki. Yule anaitwa besi. Huwinda kwa macho, ndiyo maana anadanganyika na plastiki. Afrika Mashariki aliletwa Ziwa Naivasha kule Kenya mwaka 1929. Ruvuma usimtafute.

Wa kwetu ni kambale na perege, na kila mmoja ana tabia zake. Kambale anatafuta chakula kwa harufu na kwa zile sharubu zake, na anakula zaidi usiku. Ana kiungo cha kumsaidia kupumua hewa ya juu, ndiyo maana utamkuta hai kwenye tope ambalo perege ameshakufa. Mpe kitu kinachonuka: utumbo wa kuku, nyungunyungu wengi kwenye ndoano moja, dagaa waliolowekwa. Ndoano namba 4 au 6, chambo kilale chini kabisa, risasi iwe nzito ya kutosha.

Perege ni wa mchana. Jua likishapasha maji, kama saa tatu hadi saa tano asubuhi, halafu tena kuanzia saa tisa alasiri. Mdomo wake mdogo. Watu wanakosa perege kwa sababu wamebeba ndoano za kambale, wanasema dimbwi halina samaki. Tumia namba 10 au 12 (kumbuka namba ikipanda ndoano inapungua), mshipi mwembamba, chelezo kidogo cha bua, na donge la ugali au unga wa ngano uliokandwa, ukubwa wa punje ya mbaazi. Kaa karibu na nyasi, si katikati ya maji. Na tulia. Perege anakuona kabla hujamuona.

Mamba, kiboko na kichocho

Sasa hapa msome taratibu. Yale yanayokusanya samaki dimbwini ndiyo yanayomkusanya mamba. Maji yakipungua, na yeye anahamia kwenye kina kilichobaki. Tena miezi hii ya mwisho wa kiangazi jike hutaga mayai mchangani na kulinda pale, kwa hiyo hata ukingo mkavu si salama. Simama mbali na maji, hatua nne au tano, tumia ufito mrefu. Usiingie kunasua ndoano iliyokwama. Kata mshipi, ndoano haizidi bei ya mguu. Usirudie kukaa palepale siku ya pili, mamba anajifunza ratiba ya mtu. Utumbo wa samaki usioshee ukingoni, fukia mbali. Na maji ya kupikia chota mahali wenyeji wanapochota, kwa ndoo yenye kamba.

Kiboko hutoka majani jioni na kurudi alfajiri, kwa njia zake zilizochimbika. Usipige kambi kwenye njia hiyo wala usimkate na maji.

Mtaniuliza, kama kambale anakula usiku na ukingoni usiku hapakaliki, tunampataje? Tega dhulumati jioni jua likiwa bado juu, ndoano kumi au kumi na tano zinatosha, funga kwenye mti wa nchi kavu, ondokeni. Asubuhi jua likishachomoza vizuri mnakuja wawili, mmoja anavuta, mwingine anaangalia maji. Mnavuta mkiwa mbali. Nimeona watu wazima wanakwenda na tochi saa nane za usiku kuangalia kama kamba imetingishika. Tafadhali.

Kichocho nacho kipo kwenye maji yaliyotulia yenye konokono na magugu. Vimelea hutoka zaidi mchana jua likiwa kali, wakati ambao watu wanatamani kuoga. Ogeni maji ya kisima kijijini. Na chandarua mnachobeba kiwe cha kulalia.

Samaki wafike nyumbani wazima

Safari yangu ya kwanza tulipata kambale 14, wakubwa. Nilikuwa nimebeba chumvi nusu kilo. Tukalala na samaki kwenye ndoo, kesho yake tukapanda mlima na bodaboda saa sita mchana. Tulipofika juu, mama wa nyumbani alifungua kifuniko akafunga tena, hakusema neno. Wote tukawafukia chini ya mwembe.

Hesabu ya chumvi ni kilo moja kwa kila kilo tatu hivi za samaki. Mpasue kupitia mgongoni, toa matumbo na matamvua, osha, paka chumvi ndani na nje, panga kwenye ndoo yenye tundu chini maji yatoke. Kama mna siku mbili, kubanika ni bora zaidi kwa kambale kwa sababu ana mafuta. Tengenezeni chanja, moto wa polepole wenye moshi, kuni ngumu kavu, mkigeuza mpaka akauke ndani, si ngozi tu. Basi beba chumvi kilo tano, ndoo mbili, visu viwili, na kuni mzikute kwa kuzinunua kijijini, msikate ovyo.

Ndoo, narudia, ziwe za chakula. Usibebe samaki kwenye mfuko wa salfa hata kama umeufua mara tatu, wala maji ya kunywa kwenye kidumu cha dawa. Na wale wenye bustani huko bondeni, msioshee mashine ya kupulizia kwenye mfereji. Dawa nyingi za wadudu tunazotumia, hasa za jamii ya pairethroidi, kidogo tu inaua samaki.

Dimbwi lipi livuliwe, lipi liachwe

Hili ndilo linalonisumbua zaidi kila mwaka. Kuna madimbwi yatakayokauka kabisa kufikia Oktoba. Hayo vueni bila huruma, samaki wake wengi wangekufa au kuliwa na ndege. Lakini kuna yale ya kina ambayo wazee wa kijiji watakwambia hawajawahi kuyaona yamekauka. Humo ndimo mbegu ya mwaka ujao inangojea. Kambale jike mmoja mkubwa, mvua za kwanza zikifurika nyasini, anataga mayai maelfu kwa maelfu. Perege jike anatunza mayai mdomoni mwake, ni machache, mia kadhaa, kwa hiyo kila jike unayemtoa lina maana. Ukimvuta perege ukaona mdomo umevimba na anatema mayai au vifaranga, mrudishe haraka.

Kwenye dimbwi la kudumu vueni kwa ndoano tu, siku moja, muhamie lingine. Nyavu za kuzungushia msiziingize. Muulizeni mwenyekiti siku ileile mnaporipoti, kabla hamjatega kitu: mzee, lipi halikauki? Kama kijiji kina dimbwi walilojiwekea kutogusa, hata likiwa linachemka samaki, pitieni mbali.