Mwenzangu kanishindaje?

SWALI: Kwenye mashindano ya F5J (glaida za rimoti zenye mota), mimi na mwenzangu tulielea karibu dakika 10 na glaida zetu zikatua sawia. Mbona kanipita mbali?

JIBU: Kilichokuponza ni mota. Unaruhusiwa sekunde 30 tu, na kifaa kilichomo ndegeni hurekodi kimo cha juu kabisa hadi sekunde 10 baada ya kuizima. Kila mita hadi 200 hukata nusu alama. Kuzidi hapo, alama 3. Aliyeishia mita 80 hupoteza 40, wa 220 hupoteza 160! Wala usiiwashe tena kujiokoa, utaambulia sifuri. Kabla ya kurusha, tafuta mwewe anayezunguka bila kupiga mabawa: yumo ndani ya hewa ya joto inayopanda. Mfuate, uzime mapema.