Muxe ni nani?

SWALI: Katika filamu ya Mexico nimesikia mtu akiitwa "muxe". Maana yake nini? Naweza kumwita hivyo yeyote asiyejiona mwanamume wala mwanamke?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Muxe, hutamkwa "mushe", ni neno la Wazapoteki, wenyeji asilia wa Mexico, katika mji wa Juchitán, jimbo la Oaxaca. Ni mtu aliyezaliwa wa kiume ambaye jamii yake haimhesabu mwanamume wala mwanamke. Wengi huvaa huipil, blauzi ya mahameli iliyodariziwa maua makubwa. Wengine huvaa suruali, na bado ni muxe. Wanajulikana kwa kudarizi, kuuza sokoni na kutunza wazazi wazee. Jina hili ni la Wazapoteki. Mtu wa kwingine muulize mwenyewe anapenda kuitwaje, kisha mwite hivyo.