Mashine Kuukuu za Boti na Betri Isiyojaa

Wapo makatibu wa vyama vya wavuvi ambao, wakifungua daftari la matumizi, hukuta betri imeandikwa mara mbili au tatu katika mwaka mmoja kwa boti ile ile. Nahodha hutoa taarifa kwamba betri imekufa, kamati huidhinisha fedha, betri mpya hufungwa, na baada ya miezi michache taarifa huwa ni ile ile. Katika hali kama hiyo yafaa kamati ijiulize kama kweli betri ndiyo yenye kosa. Somo hili lahusu namna ya kutafuta, kwa vipimo na kwa utaratibu, hitilafu za kuchaji katika mashine za zamani za kupachikwa nyuma ya boti, hasa zile zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili, ambazo bado ni nyingi katika madiko ya Unguja.

Mashine hizi zina tabia moja inayomdanganya mvuvi. Umeme wa plagi hautoki katika betri. Mashine hujitengenezea wenyewe kwa sumaku na koili zake. Kwa hiyo betri ikifa baharini, mashine huendelea kunguruma kama kawaida, na hakuna anayejua mpaka taa zianze kuwa nyekundu na kufifia. Boti isiyo na taa usiku katika mlango wa bahari baina ya Unguja na Bara, mahali zinapopita meli za mizigo na vyombo vya abiria, imo katika hatari kubwa kuliko boti iliyozimikiwa mashine lakini taa zake zinawaka. Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana kwa vyombo baharini, zilizokubaliwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977, zinataka chombo kioneshe taa tangu jua kuchwa hadi kuchomoza, nazo haziachi nje chombo kidogo.

Asili ya umeme huu ni jambo alilolionesha Michael Faraday huko Uingereza mwaka 1831, kwamba sumaku ikipita karibu na koili ya waya wa shaba, umeme huzaliwa ndani ya waya. Katika mashine ya boti, sumaku zimebandikwa ndani ya flaiwili, na koili zimekaa chini yake bila kuzunguka. Umeme unaotoka hapo ni mkondo geu, yaani huenda na kurudi, na betri haiwezi kuupokea hivyo. Ndipo unapopitishwa katika rektifaya, kifaa kidogo chenye dayodi, ambazo huruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Kutoka hapo hupita kwenye waya mwekundu, kwenye fyuzi, na kufika betrini.

Jambo la kwanza kabisa ni kuhakikisha kwamba mashine ina koili ya kuchajia. Huenda likaonekana jambo la kuchekesha, lakini mashine nyingi za kuvutwa kwa kamba hazikufungwa koili hiyo kiwandani, na nyingine zimefungwa koili ya taa peke yake, bila rektifaya. Kuiunga koili ya namna hiyo moja kwa moja na betri ni kuiharibu betri na pengine kuiunguza koili yenyewe. Kitabu cha mashine hueleza. Kama kitabu kimepotea, namba ya mashine ipelekwe kwa muuza vipuri.

Jambo la pili ni hesabu, na hapa katibu anaweza kumsaidia fundi, kwa sababu ni hesabu ya mapato na matumizi. Tuseme boti ya dagaa inatoka Malindi magharibi, inakwenda kwa mashine muda wa saa moja, inakaa mawindoni, na alfajiri inarudi kwa saa moja nyingine. Ina balbu tatu za wati 10 kila moja, na chombo cha kuonesha mahali kinachokula wati 6. Jumla ni wati 36, na kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea 3. Kwa usiku wa saa 10, matumizi ni ampea-saa 30. Sasa yatazamwe mapato. Koili ya wati 80, ambayo ni ya kawaida katika mashine za namna hii, hutoa kiasi cha ampea 6 na nusu, tena wakati mashine inakwenda kwa kasi tu. Ikinguruma polepole hutoa kidogo sana. Saa mbili za mwendo ni ampea-saa 13, na si zote zinazohifadhiwa na betri. Kila usiku, basi, boti inapungukiwa na ampea-saa 17 au zaidi. Betri ya ampea-saa 70 iliyotoka dukani imejaa itafifisha taa kabla ya alfajiri ya usiku wa nne, na hapana hata kifaa kimoja kilichoharibika.

Boti ya namna hiyo haitibiwi kwa betri mpya, wala kwa betri kubwa zaidi, kwani betri kubwa huahirisha tu siku ya kufilisika. Inatibiwa kwa kupunguza matumizi. Balbu tatu za zamani zikibadilishwa kwa taa za LED zenye jumla ya wati 6, matumizi yote huwa wati 12, yaani ampea 1, na usiku mzima huondoka na ampea-saa 10, ambazo mashine inaweza kuzirudisha. Zinunuliwe taa zinazovumilia volti 10 hadi 30, maana mashine nyingi za zamani hazina kidhibiti volti, na taa za bei rahisi huungua mashine inapokwenda kasi. Taa kubwa za kuvutia dagaa zisiungwe kamwe na betri hii; ziwe na jenereta yake au betri zake.

Ikiwa hesabu inaonesha kwamba mapato yanatosha na bado betri haijai, ndipo hitilafu itafutwe. Mita ya kupimia umeme ni ya bei ndogo kuliko betri moja, na kila chama chastahili kuwa nayo. Betri ilazwe usiku mmoja bila kuchajiwa wala kutumiwa, kisha ipimwe. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.2 imebaki kiasi cha nusu. Chini ya 12 iko karibu tupu. Betri iliyojaa ambayo hushuka chini ya volti 9.5 stata inapozungushwa imechoka kweli, na hiyo kamati inaweza kuiidhinishia fedha bila wasiwasi.

Kisha mashine iwashwe, boti ikiwa majini au mguu wa mashine ukiwa ndani ya pipa la maji, kwa sababu mashine ikizungushwa pakavu huunguza pampu yake ya maji kwa muda mfupi sana. Nguo na mikono vikae mbali na flaiwili. Mita ikiwa kwenye vichwa vya betri, mashine iongezwe kasi ya wastani. Volti zikipanda na kufika baina ya 13 na 14.5, mfumo unachaji, na mahali pa kutazama ni matumizi. Zisipopanda kabisa, umeme haufiki. Zikipita 15, betri inachajiwa kupita kiasi na maji yake yatakauka upesi.

Pale umeme usipofika, wengi hukimbilia koili. Hilo ni kuanzia mwisho. Bahari yetu ni ya chumvi, na chumvi huanza na viungo vya waya kabla ya kitu kingine. Kibanio cha betri chenye unga mweupe, fyuzi iliyoliwa, kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu: hivi ndivyo vya kutazamwa kwanza. Waya unaweza kuwa mzima kwa nje na ndani shaba imekuwa unga wa kijani. Kipimo chake ni rahisi. Mashine ikiwa inachaji, ncha moja ya mita iwekwe kwenye waya mwekundu unapotoka katika rektifaya, na ncha nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani. Upande wa hasi upimwe vile vile, kutoka mwili wa mashine hadi kichwa cha hasi. Viungo vibovu vikatwe, vilehemiwe kwa risasi, na kupakwa grisi.

Nyaya zikiwa nzima, hushukiwa rektifaya. Kifaa hiki hakichakai kwa kufanya kazi kama kinavyouawa na watu. Kuna njia mbili za kukiua kwa nukta moja: kufunga betri kinyume, chanya mahali pa hasi, na kuondoa kibanio cha betri wakati mashine inanguruma. Ile ya pili ni desturi ya baadhi ya mafundi wanaotaka kuona kama mashine inachaji. Kipimo hicho huharibu kile kinachopimwa. Rektifaya hupimwa ikiwa imefunguliwa nyaya zake zote, kwa sehemu ya mita iliyowekewa dayodi. Kila dayodi iruhusu upande mmoja na kuzuia upande wa pili. Inayoruhusu pande zote mbili, au kuzuia pande zote, imekufa. Katika mashine zenye mita ya kuhesabu mizunguko, mara nyingi mita hiyo hupata habari zake kutoka koili hizi hizi, na ikinyamaza ghafla ni dalili njema ya mahali pa kuanzia.

Koili huja mwisho, nazo zaweza kupimwa bila kuing'oa flaiwili, kwa sababu nyaya zake hutokeza nje. Katika mashine nyingi ni mbili, za manjano au za kijani kwa kufuata kiwanda. Zitenganishwe na rektifaya, na ukinzani baina yao upimwe. Usomaji wa kawaida ni mdogo, mara nyingi chini ya omu 2. Baina ya kila waya na mwili wa mashine kusiwe na njia, isipokuwa kitabu kioneshe kwamba ncha moja imefungwa mwilini. Kisha mita iwekwe kwenye mkondo geu na mashine iwashwe: volti zipande kadiri kasi inavyopanda. Zisipopanda, hapo tu ndipo flaiwili ing'olewe, kwa pula yake. Kuigonga kwa nyundo hupasua sumaku, na vipande vyake husaga koili iliyokuwa nzima. Kwa chama kilicho Nungwi au Kizimkazi, ambako safari ya mjini ni ya zaidi ya kilomita 50, vipimo hivi huamua kama yapelekwe mashine nzima, au rektifaya peke yake ndani ya mfuko.

Maji ya betri yaongezwe yaliyosafishwa tu. Visima vya Unguja vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yenye chokaa na chumvi huharibu sahani za betri. Asidi isiongezwe. Wala sigara isivutwe karibu na betri inayochajiwa, kwani hewa inayotoka hulipuka.

Mbalamwezi inapong'aa, boti za dagaa hupumzika siku kadhaa, na betri iliyoachwa nusu tupu siku hizo huota ukoko mweupe kwenye sahani zake, na nguvu iliyopotea hairudi. Kwa hiyo ichajiwe nchi kavu siku ile ile boti inapopanda pwani, na vibanio viondolewe. Ikiwa betri hukaa na volti zake inapofunguliwa vibanio, lakini hushuka baada ya siku mbili inapoachwa imefungwa botini, kuna mahali umeme unavuja. Kibanio cha hasi kifunguliwe na mita ya ampea iwekwe baina yake na kichwa cha betri, swichi zote zikiwa zimezimwa. Mita ikisoma chochote, nyaya zitenganishwe mmoja mmoja mpaka isome sifuri, kwa kuanzia na ule wa rektifaya, kwa kuwa dayodi inayovuja hurudisha umeme wa betri ndani ya koili usiku kucha.