Kizazi kisafi, mimba haishiki: tatizo liko wapi?

SWALI: Nina miaka minne kwenye ndoa, sijapata mtoto. Hedhi naiona kila mwezi, na ultrasaundi imeonyesha kizazi kisafi. Wakwe zangu wanasema kizazi changu kinatema mbegu, kwa sababu baada ya tendo hutoka nje. Ni kweli? – Msomaji, Hirbadaw, Hanang.

JIBU: Si kweli. Wengi hudhani mimba hutungwa ndani ya kizazi, kumbe hutungwa kwenye mrija wa uzazi, hasa ile sehemu pana iliyo karibu na ovari. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu, lakini mbegu za kiume zinaweza kulisubiri hadi siku 5. Kati ya mamilioni ya mbegu, mia chache tu hufika mrijani, na moja ndiyo hupenya yai. Yai lililorutubishwa husafiri siku kadhaa kabla ya kujishikiza kizazini. Ndiyo maana mwaka 1978, huko Uingereza, Louise Brown alizaliwa ingawa mirija ya mama yake ilikuwa imeziba: yai na mbegu vilikutanishwa maabara, kizazi kikapokea mimba na kuilea.

Utauliza, mbona kuna kinachotoka? Hayo ni mabaki ya shahawa, na hutoka kwa kila mwanamke. Mbegu zenye nguvu huwa zimeshapita shingo ya kizazi. Na hedhi ya kila mwezi? Ni dalili njema kuhusu homoni na ovari, ila haisemi kitu kuhusu mirija. Hata ultrasaundi ya kawaida haithibitishi kwamba mirija iko wazi. Hilo huonekana kwa eksirei inayopigwa huku dawa maalumu ikipitishwa kizazini. Mirija huweza kuzibwa na makovu ya kisonono au klamidia, magonjwa ambayo mwanamke anaweza kuwa nayo bila kuhisi lolote.

Hata hivyo, mirija yako isihukumiwe kabla mume wako hajapimwa shahawa. Kipimo hicho ni rahisi, nacho kitangulie. Mwaka mmoja wa kujaribu bila mafanikio unatosha kumwona daktari, nanyi mmeupita. Nendeni wote wawili hospitali, Haydom au Katesh. Na siku hedhi ikichelewa, ukapata maumivu makali chini ya tumbo au kizunguzungu, wahi hospitali siku hiyohiyo: mimba inaweza kuwa imekwama mrijani, na mrija ukipasuka ni hatari kwa maisha.