Diski pacha moja ikifa: kazi ya fundi na maswali ya mwenye duka

Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari la maduka mengi ya jumla limo ndani ya kompyuta: majina ya wadaiwa, mali iliyoko ghalani, ankara za wauzaji na risiti za kodi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na sheria ya Kenya ya mwaka huo huo inataka vivyo hivyo. Kwa hiyo diski inayobeba hesabu ni sehemu ya mtaji kama mizani au gari la kusambazia bidhaa, ingawa ni wachache wanaoihesabu hivyo.

Mfanyabiashara anayenunua seva ndogo ya duka huambiwa kwamba ina diski mbili pacha, yaani kila kinachoandikwa katika moja huandikwa pia katika nyingine. Mpango wa aina hii ulipewa jina la RAID katika makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hoja yao ilikuwa ya kibiashara hasa: diski kadhaa za bei nafuu, zikipangwa vizuri, zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya bei ghali. Diski pacha ndiyo ngazi ya kwanza ya mpango huo. Katika seva zinazotumia Linux kazi hiyo hufanywa na programu tu, bila kadi maalumu na bila ada ya leseni, na chombo cha kuisimamia huitwa mdadm. Somo la wiki hii linahusu chombo hicho.

Jambo la kwanza ambalo mwenye duka hana budi kulijua ni kwamba diski moja ikifa, biashara haisimami. Karani anaendelea kutoa ankara kama jana. Ni sawa na lori lenye matairi mawili mawili nyuma: moja likipasuka mzigo unasonga mbele, na dereva asiposhuka kutazama, anaendelea na safari huku tairi lililobaki likibeba uzito wa mawili. Seva inaweza kukaa miezi katika hali hiyo bila mtu kujua.

Kuijua hali hiyo si kazi kubwa. Mwambie fundi akufungulie faili inayoitwa /proc/mdstat. Ukiona alama [UU], diski zote mbili zipo kazini. Ukiona [U_] au [_U], moja imetoka. Aidha, mdadm inaweza kutuma barua pepe yenyewe mara diski inapoanguka, ila anwani iliyowekwa iwe ya mtu anayesoma barua zake. Mara nyingi huwa ni ya fundi aliyefunga mashine na kuondoka zake.

Sasa diski imekufa na mpya imenunuliwa. Kabla ya kugusa bisibisi, hesabu zote zinakiliwe kwenye diski ya nje. Mafundi wenye haraka hupenda kuiruka hatua hii, na sababu ya kutoiruka ni hii: diski iliyobaki kwa kawaida ilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa, pengine katoni moja, na imepata joto lile lile na kukatikiwa umeme mara zile zile. Kazi ya kujaza diski mpya itailazimisha isomwe mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu ambazo hazijaguswa kwa mwaka mzima. Ikiwa ina kasoro iliyojificha, itajitokeza saa hiyo hiyo.

Hatua ya pili ni kuitambua diski yenyewe. Majina kama sda na sdb hayategemewi, kwani yanaweza kubadilika mashine ikizimwa na kuwashwa. Kinachotegemewa ni namba ya mfululizo iliyochapwa kwenye kibandiko cha diski, ambayo programu ya smartctl huisoma. Kama diski mbovu haijibu kabisa, fundi asome namba ya ile nzima, aiandike kwenye karatasi, kisha atoe ambayo siyo hiyo.

Baada ya hapo mdadm huambiwa kwamba diski mbovu imeshindwa, kisha iondolewe kwenye kundi. Mashine huzimwa na diski hubadilishwa. Ndipo inapofika hatua ambayo, kwa maoni ya ukurasa huu, ndiyo ya hatari kuliko zote: kunakili mgawanyo wa diski nzima kwenda kwenye mpya. Amri hiyo ina upande wa kutoka na upande wa kwenda. Fundi akizigeuza, anaandika utupu wa diski mpya juu ya diski pekee yenye hesabu zako, na mashine haitamwuliza mara mbili. Mwenye duka ana haki ya kusimama hapo na kuuliza: ipi ni ipi, na namba zake ni zipi?

Diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, hata kwa kiasi kidogo, la sivyo itakataliwa. Aina nayo iangaliwe. Mwaka 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red hutumia njia ya kuandika kwa kupandanisha mistari, njia inayopunguza sana kasi pale diski inapojazwa kwa mfululizo.

Ikishaingizwa kwenye kundi, kunakili huanza. Diski ya terabaiti 4 kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde huchukua karibu saa 7 na nusu, na zaidi kama makarani wanaendelea na kazi. Jumamosi jioni baada ya kufunga duka ndio wakati wake, na seva iwe kwenye betri ya akiba. Mwisho fundi aweke kianzishi, yaani GRUB, kwenye diski mpya pia. Asipofanya hivyo, siku ile ya zamani itakapokufa, hesabu zitakuwepo lakini mashine inaweza kugoma kuwaka.

Kwa upande wa soko, tunashauri diski ya ziada inunuliwe mapema. Mafuriko ya Thailand ya Oktoba 2011 yalisimamisha viwanda vya diski nchini humo, na baadhi ya bei ziliongezeka mara mbili au zaidi katika majuma machache. Aliyekuwa na diski kabatini hakuguswa na bei hiyo.

Pia diski pacha isichukuliwe kuwa nakala ya akiba. Karani akifuta deni la mteja, linafutika pande zote mbili, na mwizi akibeba seva anabeba zote mbili. Diski ya nje iliyohifadhiwa mbali na duka bado inahitajika.

Linabaki suala la ile iliyokufa. Muuzaji anaweza kuitaka airudishe kiwandani kwa dhamana, au atatokea mnunuzi wa vyuma chakavu. Diski isiyojibu haiwezi kufutwa kwa programu, na majina ya wadaiwa wako bado yamo ndani. Kama hesabu hazikufichwa kwa nywila tangu mwanzo, ni afadhali kuisamehe dhamana na kuitoboa kwa keekee sahani zake zote.